Damu ya Mabula

Dar es Salaam
12 Novemba 2023

Mdogo wangu Wilhelmina,

Mwadila. Natumaini wote hapo Migato mnaamka: wewe, shemeji Sylvester, mama, na Kabula wetu. Huku tunasukuma siku. Fredrick anamwamkia shangazi yake. Bado yuko kwenye duka la vipuri vya pikipiki, na jioni ananipikia ugali laini mno ambao ungekuwa hapa ungemrudishia jikoni.

Utashangaa mwandiko. Mkono hauna shida, ila jicho la kushoto linaniletea mistari miwili palipo na mmoja, kwa hiyo herufi zinapanda kilima. Simu nimeiacha. Tangu nianguke mwezi wa sita ulimi umekuwa mzito, na mara ya mwisho nilipokupigia ulinigombeza kwamba nimelewa saa nne asubuhi. Nilicheka, halafu nikalia. Kutuma ujumbe nako siwezi, maana simu ya hapo nyumbani ni ya wote, na Kabula anausoma kabla hujafuta mikono. Ninayotaka kukuambia hayamfai kuyasoma kwanza yeye. Ndiyo maana barua, iende na basi mpaka dukani kwa Constantine, pale stendi ya Bariadi.

Hospitali wamenipiga picha ya kichwa kwenye ule mtambo wa kulazwa ndani kama bomba. Daktari wangu ni mwanamke kijana, anaitwa Goodness, anaongea polepole kama mwalimu wa darasa la kwanza. Ananiambia ndani ya ubongo wangu kuna vishipa vya damu vilivyoumbika vibaya. Kuta zake ni nyembamba, vimejibana pamoja kama zambarau zilizoiva, na vinavuja. Kimoja kimevuja pale panapoendesha ulimi na macho. Mahali hapo kisu hakifiki bila kuniua, kwa hiyo hawatapasua.

Ningekuwa na kimoja angesema ni bahati mbaya yangu. Nina vingi. Vikiwa vingi, anasema, ni vya kurithi. Kila mtu ana punje mbili za kila kitu, moja ya baba na moja ya mama. Mzazi mwenye ugonjwa huu punje yake moja ni nzima, nyingine ina kosa, na kila anapopata mtoto anatoa moja bila kuangalia. Nusu kwa nusu. Na kila mtoto anaanza upya, wala si kwamba mmoja akipata mwenzake amepona.

Akaniuliza wazazi. Nikamwambia baba alidondoka shambani akipalilia pamba na hakuamka tena, na kwamba wazee walikuwa wakisema damu ya Mabula ni nzito, inapanda kichwani. Akachora ukoo wetu kwenye karatasi, akaweka weusi kwenye jina la baba. Akauliza kama mimi na wewe tumechangia baba na mama. Nikasema baba mmoja, mama mmoja. Akachora mstari mpaka kwako, na toka kwako mpaka kwa Kabula, akaweka alama ya kuuliza.

Naogopa, Wilhelmina. Mama usimwambie. Lakini wewe na Kabula inafaa mpimwe.

Kaka yako,
Masalu


Migato
3 Januari 2024

Kaka Masalu,

Mwangaluka. Sisi mhola duhu, salama tu. Barua yako Constantine aliikalia mpaka baada ya Krismasi, anasema barabara ilikuwa imekatika. Barabara ilikatika siku mbili, ila Constantine akipata sababu anaifuga.

Mvua ni nzuri. Pamba imeota, ingawa upande wa korongo tumerudishia mbegu mara mbili. Goti la Sylvester linamsumbua, analitumia kukwepa palizi. Mama ana nguvu kutushinda sote. Juzi ng'ombe wa jirani waliingia kwenye mtama, akawakimbiza mpaka ng'ambo, akarudi anatukana kwa Kisukuma ambacho hata mimi sikijui chote.

Habari kubwa ni ya Kabula. Kuna kijana wa Kiloleli, anaitwa Maganga, ananunua mpunga na kuuza mchele minadani. Mtulivu, anaangalia chini akiongea na mimi. Wazee wake wameshatuma mtu kusema watakuja. Kabula anajifanya hajui, na tangu siku hiyo anafagia uwanja mara mbili.

Hiyo picha ya daktari wako imeniuma, siwezi kukudanganya. Nilikwenda nyuma ya zizi nikalia kwa ajili yako, kaka yangu uliyekuwa unanibeba mgongoni kwenda kanisani. Lakini mimi na Kabula tutoe kwenye mchoro huo. Unajua washenga wanavyouliza: kwenu kuna ukoma, kuna kifafa, kuna uchawi? Wakisikia tu kwamba binti wa Mabula ana mstari hospitali, wanageuza baiskeli.

Nina swali moja tu. Ulipomwambia daktari kwamba tuna baba mmoja, ulimwambia baba yupi?

Na Fredrick? Kwenye mchoro yeye amekaa wapi?

Mdogo wako,
Wilhelmina


Dar es Salaam
29 Januari 2024

Mdogo wangu,

Salamu kwenu nyote. Nafurahi kwa mvua na kwa Kabula. Kijana anayeangalia chini ni mzuri, ili mradi aangalie juu akivuka barabara.

Swali lako nimelisoma mara nyingi. Baba yetu ni Mabula. Ndivyo wazee walivyosema, ndivyo ilivyo kwenye cheti chako cha ubatizo, na shamba unalolima ni la Mabula kwa sababu hiyo hiyo. Usiliulize tena kwenye karatasi.

Dk. Goodness amenipa vichupa vitatu, nimevifunga ndani ya soksi ya Fredrick, safi. Watafiti wanapima bila malipo, mate yanapelekwa nje ya nchi na majibu yanachukua miezi. Cha mama, chako, cha Kabula. Mteme asubuhi kabla ya kula chochote. Mama mwambie ni kipimo cha kifua.

Kichwa changu kinauma zaidi siku za joto, na huku kila siku ni ya joto. Fredrick yupo.

Masalu


Migato
10 Machi 2024

Kaka,

Salamu. Mama mzima, Sylvester mzima na goti lake, Kabula mzima. Palizi ya pili imekwisha. Nakula michembe, viazi vikavu vya mwaka jana, huku naandika, na karatasi ikiwa na vumbi ujue ni hiyo.

Umenikataza kuuliza, kwa hiyo siulizi. Nasema.

Baba Mabula alipodondoka wewe ulikuwa unachunga ndama. Umenisimulia mwenyewe jinsi walivyokuita ukawaacha ndama wakaingia shambani. Mimi sikuwepo, hata tumboni sikuwepo. Nilikuja pamba ilipokuwa imevunwa mara mbili baada ya mazishi. Wazee walikaa wakasema nyumba ya Mabula isizimike, mdogo wake Mayige amrithi mjane, na watoto watakaozaliwa ni wa Mabula. Kwa hiyo mimi nikawa binti wa mtu aliyekuwa kaburini. Sijawahi kulalamika. Nilimwita Mayige baba na wewe ukamwita baba, na alitulea sote bila kubagua. Kijiji kizima kinajua na hakuna mtu aliyewahi kulitamka, hata mama, hata Mayige alipokuwa anakufa na mimi nimemshika mkono.

Leo nalitamka kwa sababu ya Kabula. Mimi ni wa Mayige. Mwambie daktari wako ahamishe mstari. Kama hiyo damu ni ya Mabula, mimi sina, na mtoto wangu hana.

Unaelewa nimetoa nini hapa. Watoto wa baba mkubwa Salu wamelitamani shamba hili tangu zamani, na kinachowazuia ni jina langu. Wakiliona neno hili nimeliandika kwa mkono wangu, msimu ujao nalima barabarani. Na mama ataonekana nini? Ichome barua hii ukishaisoma.

Mate ya mama nimeyatuma. Alitema vizuri kabisa, akauliza kama hicho kifua wanachotafuta kinaonekana kwenye mate ya mtu ambaye hajakohoa tangu uhuru. Kisha akasema, kama wanatafuta ugonjwa wa Masalu wakautafute kwa Mabula, maana kwao Zagayu watu wanakufa kwa uzee, na meno yao mdomoni. Kwa hiyo usidhani hajui kinachoendelea.

Cha kwangu na cha Kabula sikutema. Havina kazi tena.

Hujanijibu habari za Fredrick.

Wilhelmina


Dar es Salaam
14 Aprili 2024

Ilumbu, mdogo wangu,

Nimeichoma. Fredrick alidhani napika.

Nilikasirika siku mbili, ya tatu nikaona hasira hiyo haina miguu. Kila ulichosema ni kweli na mimi nilikijua. Nilipokuwa mbele ya daktari sikudhamiria kudanganya. Aliniuliza baba, na mimi nina akina baba wawili ambao ni mmoja. Kwa lugha yetu ndugu wa baba ni baba, basi. Nani angekaa pale na ulimi huu mzito aanze kueleza?

Nimemweleza sasa. Dk. Goodness aliweka kalamu chini, akaniangalia, akauliza kwa nini sikusema. Nikamwambia nilisema. Akafuta mstari wako, akakuchora upya chini ya Mayige. Nilimuuliza Mayige aliishi mpaka uzee na kichwa kizima, hiyo ina maana gani? Akasema ni dalili nzuri, ingawa wapo wanaoubeba ugonjwa huu mpaka kaburini bila kuumwa. Kama ugonjwa ulitoka kwa Mabula, na kama Mayige hakuwa nao, basi wewe huna na Kabula hana. Neno "kama" alilisema mara mbili, nami nakuandikia yote mawili uyaone. Anataka tusubiri majibu ya mama ndipo tuseme neno.

Lakini nilitoka pale nimenyooka. Mmoja kati yetu amepona, nilijiambia, na hiyo inatosha.

Kaka yako


Migato
2 Juni 2024

Kaka Masalu,

Mwadila sana. Nakuandikia nimechoka kwa furaha. Tumevuna, ghala limejaa pamba mpaka kuku hawana pa kulala. Mama anacheza, na hajacheza tangu Mayige afe.

Washenga wamekuja. Walikuwa watatu, na mmoja wao ni mzee mwenye sauti ya padri. Tuliwachinjia mbuzi. Walipomaliza kula yule mzee akajifuta mdomo akauliza, kama walivyouliza wa mama na kama walivyouliza wangu. Kwenu kuna ukoma? Sylvester akasema hakuna. Kuna uchawi? Hakuna. Kuna kifafa, kuna watu wanaoanguka? Sylvester aliniangalia mimi, kwa sababu ni upande wetu. Walikuwa wamesikia habari zako.

Nikawaambia kaka yangu aliugua kichwa, ni kweli, lakini ni upande wa baba yake. Wakashangaa, mbona baba yenu ni mmoja? Nikasema mbele yao wote, na Kabula akisikia kutoka jikoni, kwamba mimi nilizaliwa baada ya urithi. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, hakuinua uso. Yule mzee akatikisa kichwa akasema, basi hiyo ni damu nyingine. Wakaendelea kuhesabu ng'ombe.

Najua umeniambia nisubiri. Ng'ombe wa watu hawasubiri, na Kabula hasubiri. Usiku mama alinipita mlangoni akasema kitu kimoja, kwamba nimemvua nguo mbele ya wageni, akaenda kulala. Asubuhi alinipikia uji. Nimeona hilo ndilo jibu lake, nami nimelikubali.

Watoto wa Salu wameshasikia na wameanza kupima mpaka wa shamba kwa hatua. Waache wapime. Harusi ni mwezi wa saba. Jitahidi uje, hata ukae tu kivulini.

Mdogo wako,
Wilhelmina


Dar es Salaam
18 Agosti 2024

Wilhelmina,

Salamu kwako na kwa shemeji. Picha za harusi Fredrick amenionyesha kwenye simu yake. Nilifumba jicho moja nikawaona vizuri. Kabula amependeza, na wewe umecheza mpaka kitambaa kimeanguka. Samahani sikuja, safari ya basi ingenimaliza.

Samahani pia kwa hili linalofuata. Majibu ya mama yalitoka kabla ya harusi. Nilianza kukuandikia siku ile ile, nikaiweka karatasi chini ya godoro. Nilitaka ucheze kwanza. Nilijiambia neno limeshatoka kwa washenga, ng'ombe wameshahesabiwa, barua yangu itafanya nini isipokuwa kuwasimamisha watu katikati ya ngoma.

Ni mama. Kosa alilo nalo ni lile lile nililo nalo mimi, mahali pale pale. Amelibeba miaka sabini na halijamgusa. Dk. Goodness anasema ndivyo ulivyo, mmoja unamlaza, mwingine unampita, na hakuna anayejua kwa nini. Baba Mabula tumemsingizia. Labda lilikuwa jua, labda moyo wake. Ukoo mzima umesema damu ya Mabula zaidi ya miaka arobaini, na yeye hakuwa na kesi.

Kwa hiyo wewe umerudi kwenye nusu, kama nilivyokuwa mimi. Mayige au Mabula hakuna tofauti. Tumetoka tumbo moja na tumbo ndilo lililokuwa na neno.

Daktari anakusihi uteme. Na Kabula aambiwe, bila kungoja. Kama anao hakuna dawa, sikudanganyi. Lakini akijua hatameza vidonge vya maumivu ovyo ovyo, kuna vingine vinalainisha damu na kumwongezea kuvuja. Kichwa kikimpasuka ghafla atakimbizwa hospitali, hatapelekwa kwa mganga. Akishika mimba atawaambia wakunga. Ni mambo madogo, lakini ndiyo yaliyopo, na yeye ana haki nayo.

Mama asiambiwe.

Masalu


Migato
15 Septemba 2024

Masalu,

Wote wazima.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama dukani kwa Constantine, nikaomba kiti. Aliniuliza kama kuna msiba, nikamwambia hapana.

Ulitaka nicheze. Nimecheza, asante. Mama nimemvua nguo mbele ya wageni, nimelitoa jina la baba yangu hadharani, watoto wa Salu wamechukua upande wote wa korongo na baraza la kata limewapa, kwa kuwa nilisema mwenyewe. Nilivitoa vyote hivyo ili Kabula apone, na vilikuwa havinunui kitu. Na wewe ulikuwa na karatasi chini ya godoro. Nakuchukia leo. Kesho sijui.

Kabula ana mimba. Alinitumia ujumbe Jumapili, ameandika tu kwamba hawezi kula dagaa. Mkwe wake anamfulia.

Unasema aambiwe. Nikimwambia atamwambia mumewe, kwa sababu ndivyo nilivyomlea. Mumewe atamwambia mama yake. Kisha watakuja wale wazee watatu, na yule mwenye sauti ya padri atauliza kama mimi ndiye niliyesema hakuna. Watamrudisha na tumbo lake. Na akirudi atakuwa na nini cha kufanya hapa ambacho hawezi kufanya kule? Umesema mwenyewe hakuna dawa.

Mama anaendelea kumlaumu Mabula. Jana alimwambia jirani kwamba aliolewa kwenye damu mbovu bila kujua. Nilikuwa nachambua mboga, nikaendelea kuchambua.

Sasa nijibu, na usiruke. Nimekuuliza tangu mwezi wa kwanza. Fredrick ni mtoto wako, amekaa na wewe, daktari yuko jirani. Alipimwa? Aliambiwa? Ilimsaidia nini?

Wilhelmina


Dar es Salaam
20 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Salamu kwenu. Chuki yako naipokea, ni yangu.

Fredrick alipimwa wa kwanza, kabla sijakuandikia barua ya kwanza kabisa. Alisema baba, tuteme wote, tuone nani ana mate mazuri. Alikuwa na mchumba, Veronica, fundi cherehani, binti mchangamfu aliyekuwa ananiletea supu. Walikuwa wameshapanga chumba.

Anao. Wamempiga picha pia, ana vishipa vidogo vinane, vyote vimelala. Dk. Goodness alimweleza taratibu, akamwambia anaweza kuishi mpaka uzee kama bibi yake. Akamweleza na ile nusu kwa nusu ya watoto. Fredrick alishukuru, akauliza maswali mazuri, akaandika kila kitu. Aliporudi nyumbani alimwambia Veronica atafute mtu mwingine. Hakumpa sababu. Alisema hataki kumpa mtu nusu.

Tangu hapo anafanya kila alichoambiwa. Anameza vidonge salama tu, halewi, analala mapema. Haimbi tena kwaya. Ukimgusa kichwa kwa bahati mbaya anashtuka. Kijana ambaye haumwi kitu chochote anaishi kama mgonjwa, na anaishi hivyo kwa sababu mimi nilitaka ajue. Akiniosha mgongo nahisi mikono yake inanihesabu.

Sikukuandikia kwa sababu nilijua ungenijibu nini. Bado nasema Kabula aambiwe. Lakini umeniuliza ilimsaidia nini, na nimekaa na kalamu tangu asubuhi.

Jicho la pili nalo limeanza. Mistari sasa ni minne, nachagua mmoja naandika juu yake.

Masalu


Migato
25 Mei 2025

Kaka yangu,

Mwadila. Sijapata barua yako tangu ile ya mwezi wa kumi, na Fredrick ametuma ujumbe kwamba sasa huandiki na huoni kusoma, yeye ndiye anayekusomea. Basi Fredrick mwanangu, shikamoo yako nimeipokea. Soma yote, usiruke yanayokuhusu. Ulichofanya kwa yule binti ulikifanya kwa upendo, na mimi shangazi yako nimelia kwa ajili yenu wote wawili.

Masalu, sikuchukii tena. Ilikwisha siku ile ile niliyoisoma barua yako ya mwisho, kwa sababu niliona na wewe huna pa kushika.

Msimu ni mbaya. Pamba tuliyobaki nayo ni ya kipande kimoja, na mvua ilikatika mapema. Sylvester anaenda kibarua kwa watu. Kichupa changu bado kipo, nimewekea mbegu za mchicha. Nilikishika mara nyingi, ila nikitema na ikawa ninao, nitakuwa nimejua kitu kimoja zaidi cha kutomwambia Kabula.

Kabula amejifungua salama, zahanati, mtoto wa kike. Nilikwenda Kiloleli nikiwa nimeshaamua kumwambia. Niliamua kabisa, nilijisemea maneno njia nzima juu ya bodaboda. Mama alikuwa nyuma na bodaboda nyingine, amekataa kubaki.

Tulipokelewa vizuri sana. Siku ya pili nilibaki na Kabula peke yetu, ananyonyesha. Akaniambia tangu mimba kichwa kinamgonga nyuma ya sikio, na mara nyingine anaona mwanga unachezacheza ukutani. Mkwe wake anampa vidonge anavyonunua gengeni, vinatuliza. Kisha akaniuliza, mama, na wewe ulikuwa hivi ulipokuwa na mimi? Aliniuliza huku ananiangalia usoni. Nilifungua mdomo. Nikamwona alivyo mnene, alivyotulia, amevaa kitenge alichonunuliwa na mumewe, mtoto ameshika kidole chake. Nikamwambia ndiyo, ni uzazi tu, kitapoa. Nikamwambia vile vidonge apunguze, akale matunda. Hilo tu ndilo nililoweza.

Jana ilikuwa siku ya kumtoa mtoto nje. Ukoo wao wote ulikuja, na yule mzee mwenye sauti ya padri alikuwepo. Jina ni lao, ni mtoto wao, lakini mama yake Maganga akasema wamekaa wakaona watuheshimu. Hajawahi kuona mwanamke wa miaka sabini anayepanda bodaboda toka Migato bila kulalamika. Wamempa mtoto jina la mama, Milembe.

Wakamweka mtoto kwenye mapaja ya mama. Mama alifurahi, Masalu. Yule mzee akamwekea mtoto mkono kichwani akasema huyu afuate damu ya bibi yake huyu, iliyo njema, asifuate nyingine. Achukue miguu yake, achukue macho yake, achukue kichwa chake. Kila neno watu wote uani walikuwa wanaitikia, achukue. Mama mwenyewe akaitikia. Kabula akaitikia.

Na mimi niliitikia.

Mdogo wako,
Wilhelmina Mayige